Mama Mkwe na Gari Lisilo na Paa

Nianze na aibu yangu mwenyewe, kabla majirani hawajaisimulia wakaongeza chumvi: mimi ndiye yule mwanamume aliyelala usingizi ndani ya gari la mama mkwe wake. Sikuwa nimelewa, maana sisi ni watu wa Sabato na hata pombe ya wimbi naijua kwa harufu tu. Wala sikuwa mgonjwa. Nililala kama gunia la mahindi linavyolala, bila sababu na bila haya, na gari likaondoka nami.

Kwa msomaji wa mbali asiyejua mambo ya Gusii, huenda kosa hili likaonekana dogo. Huku kwetu kuna chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake inayomtenga mtu na wakwe zake. Mama mkwe humpi mkono. Hukai naye bega kwa bega. Akija kwako, wewe mwenye nyumba ndiye unayetafuta kazi migombani mpaka aondoke, na mkikutana njiani mmoja anasogea majanini kama anayetafuta kitu alichodondosha. Kupanda gari lake bila yeye kujua, kulala mahali anapoweka mizigo yake, ni jambo la kuitiwa wazee, na wazee wakiitwa hawaondoki bila mbuzi.

Hata jina lake silitaji hapa, kwa heshima hiyo hiyo. Wanafunzi walimwita Mwalimu Mkuu, kwa kuwa alisimamia shule ya wasichana juu kule Manga. Kina mama wa sokoni walimwita Mwalimu. Mimi nilimwita Mama Mkwe, tena moyoni tu, kwa sababu katika miaka yote tuliyojuana hatukuwahi kuzungumza ana kwa ana. Tulizungumza kupitia kwa mke wangu, kupitia kwa watoto, kupitia kwa majirani, na mara moja kupitia kwa mbuzi aliyekuwa amefungwa katikati yetu. Alimwambia mbuzi kwamba kamba yake ni fupi mno, nami nikaenda kuirefusha.

Alikuwa mjane, mfupi, wa sauti nene isiyolingana na kimo chake. Sabato na siku za kazi alivaa kofia moja ya majani yaliyosukwa, akaifunga kidevuni kwa kitambaa cheupe. Aliponunua gari, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kofia ile ilipata umaarufu, kwa sababu ukiwa upande wa pili wa bonde hukumwona dereva hata kidogo. Uliona gari la kijani likipanda ukingo wa Manga, na juu ya usukani kofia. Watoto walikuwa wakikimbia kutoka mashambani wakiimba kwamba kofia inaendesha gari. Hakukasirika. Alisema kofia hiyo imesoma kuliko madereva wengi.

Sasa, gari lenyewe. Lilikuwa jipya, limetoka Kisumu likiwa bado na karatasi za nailoni kwenye viti, na halikuwa na paa. Nirudie, maana hata sisi tulirudia kuliangalia mara nyingi: halikuwa na paa. Lilikuwa na turubai na vyuma vilivyopinda vya kulishikilia, na ndoana, na mikanda, na kitabu cha kueleza kipi kinaingia wapi. Kioo cha mbele kililala juu ya boneti ukitaka, ukabaki wewe na upepo. Ndani palikuwa na gia ya kawaida, na kando yake kigingi kingine kifupi chenye kichwa chekundu, ambacho kikivutwa magurudumu yote manne yanashika kazi. Mama Mkwe alikiita kiranja.

Na huku kwetu mvua inanyesha. Hiyo si habari. Kila alasiri, saa tisa au saa kumi, wingu linatoka upande wa ziwa na kumwaga, na mtu asiye na mwavuli ni mgeni. Basi watu walijiuliza ni akili gani ya kununua gari la wazi katika nchi kama hii. Mchungaji aliuliza kwa upole. Shemeji yake, ambaye nitamfikia, aliuliza kwa kelele. Jibu la Mama Mkwe lilikuwa kwamba majani ya chai huvunwa kwa mvua, ndizi hukua kwa mvua, na wasichana wake hutembea na mvua kutoka Manga hadi makwao, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye paa. Lile turubai lake alilitumia kufunikia mizigo tu. Yeye mwenyewe alivaa koti la mvua la kijeshi lililokuwa la marehemu mumewe, akaendesha huku maji yakimtiririka puani, akiwa na furaha ambayo hatukuwahi kuiona kanisani.

Alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule, akifundishwa na dereva mstaafu wa misheni, mzee mwenye subira ambayo baada ya wiki mbili ilikuwa imekwisha. Wasichana walipangwa mstari kutazama. Kila alipozima gari kwa kuachia klachi ghafla, aliwageukia akawauliza kosa lilikuwa nini, nao wakajibu kwa pamoja. Mke wangu anasema mpaka leo kuna wanawake wazima kule Manga wasiowahi kugusa usukani, lakini wanaweza kukutajia hatua saba za kuondoa gari mlimani.

Mwisho wa muhula wa kwanza aliliandikia gari ripoti. Sitanii. Alichukua fomu ile ile ya wanafunzi, akajaza kwa wino wa buluu, na mke wangu alipokwenda kumsalimia aliiazima akaja kunionyesha. Naikumbuka vizuri. Kupanda milima: vizuri sana. Kushuka milima: ana haraka, aonywe. Breki: anaweza kufanya vizuri zaidi. Usafi: hafifu, lakini kosa ni la barabara. Matumizi ya petroli: mlafi. Mwenendo mvuani: jasiri. Uhusiano na mifugo: bado. Na chini kabisa, kwenye maoni ya mwalimu mkuu: Ni mwanafunzi mwenye kelele lakini mkweli, kinachomsumbua anakisema.

Ukweli ndio uliokuwa dini yake ya pili. Hakusema uongo hata wa adabu. Ukimkaribisha chakula akawa hana njaa, alisema hana njaa. Mtoto akiimba vibaya, alimwambia aimbe taratibu ili wengine wasikike. Lakini usidhani alikuwa mkatili, maana hapo ndipo penye fumbo lake. Alichukia uongo, lakini alichukia zaidi kumfumania mtu.

Shuleni kwake kulikuwa na mapera nyuma ya jiko, na wasichana waliyaiba kila mwaka. Mwalimu mwingine angenyata. Yeye alianza kukohoa akiwa bado ofisini. Alikohoa njia nzima, akaangusha funguo, akaziokota, akaita paka ambaye hakuwepo, na alipofika kwenye mti hapakuwa na mtu, ila majani yakitikisika. Kisha gwaride la asubuhi lilikuwa na hotuba ndefu juu ya wizi, na kila mwizi aliisikia akiwa amesimama wima kama wenzake. Walimu vijana walimlaumu. Aliwaambia, "Mtu mwachie mlango wa kutokea. Ukimfumania, mna aibu wawili."

Neno hilo nililisikia kwa mke wangu zaidi ya mara kumi. Ningelifikiria zaidi, ningejiokolea miaka mingi ya ujinga.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na aliyabeba bila kuhangaika. Alilima chai ekari mbili, akaipogoa mwenyewe, akagombana na karani wa mizani juu ya majani mawili na chipukizi, wala hakuwahi kuionja, kwa kuwa watu wa Sabato wa kizazi chake hawanywi chai. Akija kwetu Gesima alipewa uji wa wimbi. Aliwafundisha wasichana kwamba dunia imebadilika na mwanamke anaweza kuendesha hata treni, ila katika chinsoni alikuwa mkali kuliko bibi yake aliyezaliwa kabla ya Wazungu. Na Ijumaa jua lilipoelekea kuzama, gari lililala popote lilipokuwa. Ijumaa moja jua lilimkuta karibu na soko la Nyamache. Alizima injini, akachukua Biblia na kofia, akaliacha gari likiwa wazi kando ya njia, akaenda kulala kwa mwanafunzi wake wa zamani. Jumapili asubuhi aliporudi alikuta kuku amelala juu ya kiti cha dereva, na yai. Alimtafuta mwenye kuku nusu saa nzima ili amrudishie yai lake.

Sasa nimfikie shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mke wangu anamwita Baba Mdogo, nami nitamwita hivyo. Alikuwa na nyumba juu ya mwinuko wa mwisho kabla ya kufika Manga, mahali barabara inapotoka kwenye daraja la magogo na kupanda wima katika udongo mwekundu unaoteleza kama mlenda. Wakati wa masika hakuna gari lililopita pale bila kusali. Baba Mdogo alikuwa na ng'ombe wanne na mnyororo mrefu. Alikaa barazani, anasikiliza injini ikilia kule chini, na kwa mlio tu alijua ni nani na amezama kiasi gani. Kisha anashuka akipiga mluzi. Alimvuta chifu. Alimvuta padri. Alivuta lori la chai likiwa limejaa. Hakudai kitu, ila alipenda uombe.

Kuona mjane wa kaka yake akiendesha gari kulimnyima usingizi. Alisema gari ni mali ya ukoo, na linalofaa ni mwanawe, kijana mwenye mabega, awe ndiye anayeshika usukani na kumpeleka Mwalimu popote anapotaka, akiwa amekaa vizuri kama mama wa heshima. Mama Mkwe alikataa. Maneno yakawa mengi, mpaka siku moja baada ya ibada, mbele ya wazee wa kanisa, wakapatana hivi: siku yoyote katika masika yale ambayo ng'ombe wa Baba Mdogo watalivuta gari lile, au mwanamume yeyote atalisukuma, ufunguo utakwenda kwa kijana. Masika yakiisha bila hayo, neno hilo lisisemwe tena.

"Ng'ombe wangu wana subira," Baba Mdogo alisema.

"Na gari langu," alijibu Mama Mkwe.

Wiki zikapita. Watu wa Manga walianza kwenda darajani kutazama, kama wanaokwenda mpirani. Mama Mkwe alipita na kofia yake, akamvuta kiranja, gari likapanda likinguruma, matope yakiruka juu ya mikaratusi. Kila alipofika juu, Baba Mdogo alimsimamisha kumsalimia, na desturi yake ilikuwa kuzunguka nyuma, kufunua turubai na kujitwalia mkungu mmoja wa ndizi. Alisema ni wa ukoo. Mama Mkwe aliuhesabu mkungu ule kuwa umekwisha kwenda tangu anapakia Gesima.

Hapo ndipo mimi naingia, kwa miguu yangu mwenyewe, kisha kwa usingizi wangu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa ofisini Kisii miezi mitatu, nikaona dunia inatosha, nikarudi kwenye chai yangu. Mke wangu ni mwalimu, anatoka asubuhi. Mimi nabaki na majani, watoto na usingizi wa mchana. Jirani yangu Kemunto, mwanamke anayeuza ndizi na mwenye ulimi uliochongoka kama patasi ya mchonga mawe, hupenda kusema kwamba ua langu lina geti kwa ajili ya wengine.

Siku ile Mama Mkwe alikuja kumwona binti yake na kuchukua ndizi za shule. Kama desturi, aliacha gari barabarani chini, akapiga honi mara mbili, nami nikatoka kupitia migombani. Nilizunguka, nikajikuta kwenye gari. Nilitaka kuliangalia tu. Nilikuwa nimesoma ripoti yake, na nilitaka kumwona mwanafunzi mwenyewe. Nikashika boneti, ilikuwa bado moto. Nikanusa viti. Manyunyu yakaanza, na kule nyuma ndizi zilikwisha kupakiwa na turubai kutandazwa juu yake. Nikasema nitajikinga kidogo. Chini ya turubai palikuwa na joto, na harufu ya ndizi mbichi, na mvua ikigonga juu yangu taratibu. Msomaji aliyewahi kulala chini ya mabati wakati wa mvua hatanilaumu sana.

Nilichokisikia baadaye ni wimbo wa kanisa. Ubeti wa nne. Gari lilikuwa likienda, tena likiruka juu ya kila jiwe, na kule mbele sauti mbili zilikuwa zikiimba kwa nguvu ambayo hata Bwana angeomba zipunguzwe. Moja ilikuwa ya Mama Mkwe. Ya pili nilijua mara moja: Kemunto, aliyekuwa akipeleka ndizi zake Manga na kuomba lifti.

Nilikauka. Nikiinuka, nimefumaniwa. Nikibaki, nitafikishwa mpaka uani kwa mama mkwe nikiwa nimechanganywa na ndizi. Na kabla ya kufika huko, nikakumbuka, yuko Baba Mdogo anayefunua turubai. Nilimwona akilini: anainua, anakuta mkwe wa nyumba, mwanamume mzima, analala mizigoni mwa mama mkwe wake. Hapo hata masika yaishe, hata gari lipande mawinguni, wazee wasingemwachia mama yule ufunguo wa kufuli la kuku.

Karibu na kituo cha kuuzia chai nilisikia Kemunto akinong'ona kitu, na Mama Mkwe akimjibu kwamba hapa pana watu wengi. Sikuelewa. Mbele kidogo gari likasimama mahali pa peke yake. Wote wawili wakashuka, wakaenda kusimama ukingoni, migongo yao kwetu, yaani kwangu na kwa ndizi, wakatazama bonde. Walitazama muda mrefu sana. Walisifu mawingu. Walisifu mashamba ya watu mmoja mmoja. Mama Mkwe alikohoa, akaangusha funguo, akaziokota. Nami chini ya turubai nilijiambia: tulia hivyo hivyo, usitikisike, wakigeuka watakuona. Nilijipongeza kwa busara.

Wakarudi. Nilisikia Mama Mkwe akivuta pumzi ndefu kabla ya kuwasha injini.

Tulipoteremka darajani mvua ilikuwa imepamba moto. Magogo yakalia chini yetu, gari likaingia kwenye matope, likapanda hatua chache, likasimama. Injini ilinguruma lakini hatukusogea. Na kutoka juu, katika mvua, nikasikia mluzi.

"Mwalimu," Kemunto alisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, "kumbe ndiyo kukwama huku?"

"Gari haliendi, Kemunto."

"Na huyo ni shemeji yako anakuja na ng'ombe."

"Namwona."

"Akifika atafunua turubai?"

"Hajawahi kuacha."

Kisha Kemunto akasema, kama anayejisemea, kwamba laiti kungekuwa na mtu kule nyuma wa kusukuma, mtu ambaye hata hatungemwona.

Ndugu msomaji, nilihisi nimeitwa. Miaka yangu ishirini na minane, karibu yote ya kukaa nyumbani, iliniinuka ndani kama uji unaofurika. Nikateleza nje kutoka upande wa nyuma, nikatua matopeni mpaka magotini, nikainama ili kichwa changu kisionekane, nikatia bega. Gari lilikuwa zito kama ukingo wa Manga wenyewe. Nilisukuma. Nilisaga meno. Nilimwita Mungu kwa Kiswahili na kwa Ekegusii. Halikutikisika. Nikasukuma tena, macho yakanitoka, na ghafla, kama mtu aliyebadilisha nia, likaondoka. Lilipanda lote kwa pumzi moja, nami nikaanguka kifudifudi, na magurudumu manne yakanifunika kwa udongo wa ukoo wa mke wangu.

Baba Mdogo alifika na ng'ombe wake wakati kofia inapotea juu. Alinitazama. Nilikuwa rangi moja na barabara, na hakunijua. Akauliza kama mimi ni mtu. Nikasema ni mpita njia, gari limenirushia matope. Aliangalia juu, akaangalia mnyororo wake, akaangalia ng'ombe wanne waliokuwa wameshuka bure.

"Basi angalau wewe nikuvute," akasema.

Naye akanivuta. Nilitembea kurudi Gesima mpaka jioni, na mtoto wangu Moraa aliponiona alikimbilia kwa mama yake akisema kichuguu kinakuja. Baba Mdogo alitangaza Manga yote kwamba mwanamke yule anaendesha kwa fujo, amemzika mpita njia akiwa hai. Lakini hata katika kumsema alikiri kwamba alipanda, tena siku ambayo lori lilishindwa. Masika yakaisha. Ufunguo ukabaki kwenye msumari wake karibu na Biblia, na kijana mwenye mabega akaenda kusomea useremala.

Muhula ule mke wangu alileta ripoti ya pili. Kwenye mstari wa matope palikuwa pameandikwa: Bora. Amepanda masika yote bila msaada.

Bila msaada! Niliusoma mstari ule nikatabasamu peke yangu kama mwizi wa mapera. Nilijiambia: kumbe hata Mwalimu Mkuu, mama asiyesema uongo hata wa adabu, ameandika mmoja kwa wino wa buluu, na nusu ya uongo huo ni bega langu. Nilimheshimu zaidi kwa hilo. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Miaka saba nilitembea na siri hiyo kama mtu mwenye noti mpya mfukoni, na Kemunto aliponicheka kwa kukaa nyumbani, nilimtazama kwa huruma. Niliwaza: laiti ungejua wewe ulipandishwa na nani. Ilinijia mara moja kwamba ni yeye aliyesema laiti kungekuwa na mtu wa kusukuma, lakini nikaliacha wazo hilo lipite.

Mara ya mwisho ninayotaka kusimulia ni mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini. Alikuwa amestaafu. Mguu mmoja ulimsumbua, lakini klachi ilikuwa mguu wa pili, kwa hiyo hakuona shida. Gari lilikuwa limepauka mpaka rangi ya majani ya chai yaliyokauka, boneti imefungwa kwa waya, na bado halikuwa na paa. Alisimama barabarani chini ya kwangu, akapiga honi mara mbili. Mke wangu alikuwa shuleni. Mimi nilikuwa na kikapu cha chai mgongoni, nimenaswa mahali peupe, hakuna mgomba wa kujificha. Kemunto alikuwa kando ya njia na ndizi zake. Basi tukasimama hivyo, mimi upande huu, Mama Mkwe akiwa ameketi upande ule akitazama usukani, na Kemunto katikati kama posta.

Mama Mkwe alimwambia Kemunto amwambie baba wa wajukuu zake kwamba chai yake imepogolewa vizuri. Nikamwambia Kemunto amwambie asante. Akauliza hali ya watoto; wazima. Kisha akapangusa usukani kwa kitambaa, mvua ya saa tisa ikianza kudondoka moja moja juu ya kofia.

"Mwambie Baba Moraa," akasema, "siku ile ya darajani alifanya vizuri kushuka. Nimekaa miaka mingi bila kumshukuru."

Kikapu kilikuwa chepesi ghafla. Kumbe alijua! Nilisimama wima, nikatafuta maneno ya unyenyekevu yanayomfaa shujaa, nikasema, "Mwambie Mwalimu sikusukuma sana. Kidogo tu."

Kofia ikatetemeka. Nilidhani analia. Kisha nikasikia kitu ambacho hakuna mkwe aliyewahi kukisikia: Mama Mkwe anacheka, kwa ile sauti yake nene, mpaka akajishika mbavu. Hakunitazama. Akamvuta kiranja ingawa barabara ilikuwa kavu, akaondoka na upepo na mvua yake, akipiga honi hadi kona.

Nikamuuliza Kemunto kilichomchekesha ni nini. Na kwa kuwa moyo ulikuwa umefunguka, nikamwambia yote: bega, magoti, ile ripoti, yale maneno "bila msaada", na jinsi nilivyomsamehe mama yule uongo wake mmoja. Kemunto alipanga ndizi zake, mkungu kwa mkungu, akanitazama kama anayetazama ng'ombe aliyejifunga mwenyewe kamba.

"Baba Moraa, gari halikukwama," akasema. "Alikuwa amekanyaga breki ili ushuke, na ulipochoka kusukuma akaiachia."